Santuri ya dola 22, bili ya dola 79: kupiga hesabu ya nauli na ushuru wa muziki unaoagiza nje

Santuri nyingi za bendi za Afrika Mashariki za miaka ya 1970 zilitengenezwa viwandani Nairobi. Leo ukitafuta nakala safi utaikuta kwa muuzaji wa Uholanzi, Ujerumani au Japani. Matoleo mapya nayo yanatoka hukohuko: Buda Musique ya Paris imetoa mfululizo mzima wa taarabu na muziki wa mwambao, na Soundway ya London imekusanya nyimbo za Kenya za miaka ya sabini na themanini. Ndiyo maana mpenzi wa taarabu aliyeko Tanga au Mombasa anajikuta analipia nauli na ushuru kwa muziki wa kwao.

Bei unayoiona chini ya picha ya jalada ni mwanzo tu wa hesabu. Juu yake kuna nauli, makato ya benki ya kubadilisha fedha, ushuru wa forodha, VAT, tozo ndogondogo na ada ya kugomboa. Baadhi hupanda kwa bei ya bidhaa, baadhi kwa uzito, na baadhi hazijali umenunua nini: ni kiasi kilekile kwa kila kifurushi. Hizi za mwisho ndizo zinazomuumiza mtu anayeagiza santuri mojamoja.

Anza na mizani

Kabla ya kuangalia nauli, jua mzigo wako una gramu ngapi. Santuri ya inchi 12 ya kawaida ina gramu 120 hadi 140, na ile inayotangazwa kuwa nzito ina 180. Ongeza jalada na bahasha ya ndani, utafika gramu 230 hadi 300. Albamu ya santuri mbili huzidi kidogo nusu kilo. Santuri ndogo ya inchi 7 na bahasha yake ni gramu 40 hadi 50. CD ndani ya kasha la plastiki ni kama gramu 100, lakini sahani yenyewe ni kama 15 tu. Uzito mwingine wote ni plastiki na karatasi. Kaseti na kasha lake ni kama gramu 70.

Kisha weka ufungashaji. Katoni bapa ya kusafirishia santuri moja, pamoja na vipande viwili vya kuikazia, huongeza gramu 150 hadi 250. Kwa hiyo santuri moja inasafiri ikiwa na karibu nusu kilo, na nusu ya uzito huo ni boksi. Santuri tano kwenye boksi moja ni kama kilo 1.7. Hapo boksi limeshakuwa sehemu ndogo ya mzigo.

Kwa nini kilo 1.7? Kwa sababu posta za dunia zina kundi linaloitwa kifurushi kidogo, na mwisho wake ni kilo 2. Ukivuka hapo unaingia kwenye bei ya kifurushi kikubwa, ambayo mara nyingi hupanda kuliko faida ya santuri moja uliyoongeza. Santuri sita za kawaida zinakaa ukingoni mwa kilo 2. Sita za gramu 180 zinavuka. Tano ndiyo idadi salama. Vipimo vya nje si tatizo: urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 90, na katoni ya santuri ya sentimita 35 kwa 35 kwa 5 inapita bila shida.

Posta ya Marekani inapanga bei ya kifurushi chake chepesi cha kimataifa kwa ngazi: hadi aunsi 8, hadi 32, hadi 48, hadi 64. Aunsi 32 ni gramu 907. Santuri moja iliyofungwa ina gramu 500, ya pili inaifikisha 750 hivi, na zote mbili ziko kwenye ngazi moja. Maana yake, ukinunua kwa muuzaji wa Marekani, santuri ya pili inasafiri karibu bure, na anayeagiza moja analipia nafasi asiyoitumia. Aunsi 64 ni kilo 1.81, tano zetu zinaingia humo, na thamani ya mzigo isizidi dola 400.

Hesabu ya DHL, FedEx, UPS na wenzao ni nyingine kabisa. Wao hulinganisha uzito wa mizani na uzito wa ukubwa, kisha wanatoza ule mkubwa. Uzito wa ukubwa ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, ugawanye kwa 5000. Katoni ya santuri moja ya 35 × 35 × 4 ni 4900. Gawanya, unapata kilo 0.98. Mizani inasema nusu kilo, bili inasema kilo nzima. Sasa chukua boksi la 35 × 35 × 10 lenye santuri sita: 12,250 ugawanye kwa 5000 ni kilo 2.45, wakati mizani inasoma kama 2.1. Pengo limepungua. Kwa muuzaji anayetumia kampuni hizi, mwombe boksi linalobana mzigo, siyo boksi kubwa lililojazwa karatasi za kukunja.

Kwa CD kuna njia ya mkato ambayo wengi hawaiombi: mwambie muuzaji aache makasha ya plastiki. Atume sahani, kijitabu na karatasi ya nyuma, kila kimoja kwenye mfuko wake wa plastiki laini. CD kumi zinashuka kutoka kilo moja hadi kama theluthi yake, na makasha hayo huwa yanafika yamepasuka hata hivyo. Kasha jipya unalinunua hapahapa kwa bei ndogo.

Kikapu kimoja, muuzaji mmoja

Kwenye Bandcamp, tovuti ambako wasanii na kampuni huuza muziki wao, kila kampuni ya muziki inajitumia mzigo wake. Ukiweka albamu tatu za kampuni tatu kwenye kikapu, umenunua vifurushi vitatu, nauli tatu, na huku nyumbani ada tatu za kugomboa. Discogs, soko la mtandaoni la santuri, ni vilevile: kila muuzaji ni duka lake na ana sera yake ya nauli. Kwa hiyo usitafute wimbo ukaishia hapo. Ukimpata muuzaji mwenye santuri unayoitaka, fungua orodha yake yote na utafute nyingine nne. Mara nyingi santuri ya pili utakayoichukua kwake ikiwa ghali kwa dola 5 bado ni nafuu kuliko ya bei poa iliyoko kwa mtu mwingine.

Wauzaji wengi wakubwa wanakubali kukuwekea mzigo wiki kadhaa huku ukiongeza, kisha wanatuma mara moja. Uliza kabla ya kulipa, na uulize mambo haya kwa ujumbe mmoja mfupi: nauli hadi kwako kwa santuri tano ni kiasi gani, njia gani itatumika, ina namba ya ufuatiliaji au haina, na kama atatoa santuri nje ya jalada.

Hilo la mwisho si urembo. Safarini boksi linaangushwa kwa ubavu, santuri inateleza ndani ya jalada na kupasua mshono wa juu au wa chini kama kisu. Dawa ni kuitoa ikiwa ndani ya bahasha yake ya ndani, kuilaza nyuma ya jalada, kisha vyote viwili viingie mfuko mmoja wa plastiki. Kama nakala haijafunguliwa, itabidi muuzaji akate plastiki ya kiwandani; amua mwenyewe unataka lipi, jalada zima au plastiki ambayo utaikata wewe kesho yake.

Na kwa kuwa kurudisha mzigo kutoka Afrika Mashariki kunaweza kuzidi bei ya santuri yenyewe, usinunue daraja la chini kwa kubahatisha. Daraja la VG ("Very Good", nzuri sana) kwenye Discogs si "nzuri" kama jina linavyodai. Ni nakala yenye mikwaruzo inayosikika. Kwa safari ndefu, VG+, daraja la juu yake, iwe kikomo chako cha chini.

Omba bei bila VAT ya kwao

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea kimyakimya. Bei za maduka ya Ulaya na Uingereza zimejumlisha VAT ya huko: 20% Uingereza, 19% Ujerumani, 20% Ufaransa, 21% Uholanzi na Ubelgiji. Bidhaa inayosafirishwa nje ya eneo lao haistahili kodi hiyo. Santuri ya pauni 24 London inapaswa kuwa 20 kwako. Ya euro 23.80 Berlin inapaswa kuwa 20. Angalia kuwa kodi hugawanywa, haitolewi kwa asilimia: 24 ugawanye kwa 1.2, siyo 24 toa 20%.

Maduka yaliyopangwa vizuri hushusha bei yenyewe ukichagua Tanzania au Kenya kama nchi ya kupelekewa. Kama bei haikubadilika, andika uulize. Muuzaji mdogo asiyesajiliwa VAT hana cha kukuondolea, na anayeuza mitumba kwa utaratibu wa kodi ya faida tu, yaani VAT ya faida yake na si ya bei nzima, huenda naye asikupunguzie. Lakini duka kubwa lenye namba ya VAT chini ya ukurasa halina sababu nzuri ya kukataa. Usipouliza unalipa VAT mara mbili, ya kwao na ya kwetu.

Forodha: hesabu yenyewe

Santuri, CD na kaseti zenye muziki zote ziko chini ya kichwa 8523 cha orodha ya bidhaa za forodha. CD ni 8523.49, kaseti 8523.29, na santuri 8523.80. Iandike namba hiyo pembeni. Kwenye fomu muuzaji akiandika neno moja tu la Kiingereza linaloweza kumaanisha santuri au kifaa, afisa anaweza kulisoma kama mashine ya kupigia, ambayo ni 8519, na maswali yanaanza. Mwombe aandike wazi kuwa ni santuri za muziki, idadi, bei ya kila moja na namba 8523.80. Seti yenye santuri na kitabu kikubwa ndani haiwi kitabu kwa sababu ina kurasa. Usitegemee unafuu wa vitabu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ushuru wa pamoja wenye madaraja ya 0%, 10%, 25% na, tangu Julai 2022, 35%. Kiwango cha bidhaa yako kinategemea tarakimu za mwisho za namba, na nchi wanachama huomba mabadiliko kila mwaka; bajeti zikisomwa Juni, viwango vipya huanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo kiangalie kwenye kitabu cha ushuru cha mwaka huo kwenye tovuti ya TRA, KRA au URA. Kwa kujipanga, tumia 25%, ambalo ndilo daraja la kawaida la bidhaa iliyokamilika. Ikishuka, umenufaika.

Baada ya ushuru inakuja VAT: 18% Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, 16% Kenya na Kongo. VAT haihesabiwi kwenye bei tupu, inahesabiwa kwenye bei pamoja na ushuru. Kenya inaongeza ada ya tamko la uagizaji ya 2.5% na tozo ya reli ya 2%. Tanzania nayo ina tozo ya reli na ada ya forodha, kila moja asilimia ndogo ya thamani ya mzigo.

Jambo ambalo wengi hawalijui: jedwali la thamani la Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 linasema mzigo ukija kwa ndege, nauli yake haijumlishwi kwenye thamani inayotozwa ushuru. Kwa bahari inajumlishwa. Santuri zako karibu zote zinakuja kwa ndege. Hata hivyo nauli huingizwa kwenye makaratasi kwa mazoea, kwa hiyo soma karatasi ya tathmini kabla ya kulipa.

Tuchukue mtu wa Nairobi anayenunua santuri tano za dola 22. Bidhaa ni dola 110, na tuseme nauli ni 48, ada ya kugomboa 15, na benki inakata 3% kubadilisha fedha. Nauli na ada ni za mfano, weka zako.

Ushuru 25% wa 110: 27.50
VAT 16% ya 137.50: 22.00
Ada ya tamko 2.5%: 2.75
Tozo ya reli 2%: 2.20
Jumla ya kodi: 54.45

Makato ya benki kwenye dola 158 ni 4.74. Ukijumlisha yote, pamoja na kugomboa, unapata dola 232.19, yaani 46.44 kwa santuri. Sasa mtu huyohuyo aagize moja tu: bidhaa 22, nauli tuseme 30, benki 1.56, kodi 10.89, kugomboa 15. Jumla ni 79.45. Muziki ni uleule na bei ya duka ni ileile, lakini tofauti ni dola 33 kwa kila santuri. Ukiitazama vizuri, kodi kwa kila sahani haikubadilika hata senti. Kilichomuumiza ni nauli na kugomboa.

Na kama karatasi ya tathmini imeweka nauli ndani, yaani 158 badala ya 110, kodi za zile tano zinapanda kutoka 54.45 hadi 78.21. Dola 23.76 hizo zinatosha kununua santuri ya sita. Ukiona hivyo, onyesha ankara inayotenganisha bidhaa na nauli, uombe irekebishwe papo hapo. Wakikataa na unataka kuendelea, kifungu cha 229 cha sheria hiyohiyo kinakupa siku 30 tangu uamuzi kuomba upitiwe upya, kwa maandishi na kwa sababu.

Posta au kampuni ya haraka?

Posta ni nafuu na ni taratibu. Kifurushi kinapita forodha kwenye ofisi ya posta, unapata karatasi au ujumbe wa simu, unaenda na kitambulisho, unalipa unachotakiwa, unachukua. Ada ya posta kwa kawaida ni ndogo. Kampuni ya haraka inakuletea mlangoni kwa siku chache, lakini inakulipia ushuru kwanza kisha inakudai ikiwa imeongeza ada yake ya kulipa kwa niaba yako, na ada hiyo ina kiwango cha chini kisichojali mzigo ni mdogo kiasi gani. Kwa santuri moja ya dola 20, ada hiyo pekee inaweza kuzidi ushuru. Itumie kwa nakala ya gharama kubwa, au kwa boksi la santuri nyingi.

Usichanganye anwani. Posta inataka sanduku lako: S.L.P., mji, na postikodi kama unayo. Kampuni ya haraka haileti kwenye sanduku la posta. Inataka mtaa, jengo, alama ya karibu na namba ya simu yenye +255 au +254 mbele. Wauzaji wengi hawajui watatumia njia gani mpaka siku ya kutuma, kwa hiyo andika vyote: jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, simu, mtaa, kisha sanduku. Mizigo mingi "iliyopotea" iko kwenye rafu kwa sababu simu iliandikwa bila namba ya nchi na hakuna aliyeweza kukupigia. Ikikaa kupita siku za msamaha, inaanza kudaiwa gharama ya kuhifadhi.

Namba ya ufuatiliaji ya posta ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ilikotoka, mfano DE kwa Ujerumani au JP kwa Japani. Herufi ya kwanza inakueleza mengi. R ni rejista, E ni EMS (huduma ya haraka ya posta), C ni kifurushi kikubwa, L ni kifurushi chenye ufuatiliaji. Ikianza na U, hiyo ni namba ya forodha tu: usitarajie kuona mzigo ukitembea, na muuzaji aliyekuambia una ufuatiliaji hakukuambia kweli. Namba nzuri utaifungua kwenye tovuti ya posta ya huko kwanza, na mzigo ukishatua, kwenye ya hapa.

Juu ya kifurushi kuna fomu ya tamko. CN22 ni ile ndogo ya kubandika. Mzigo ukizidi thamani ya SDR 300 (SDR ni kipimo cha fedha cha kimataifa), ambayo ni kama dola 400, inatakiwa CN23. Mwombe muuzaji aweke nakala ya ankara ndani na nyingine kwenye mfuko wa nje. Wewe nawe tembea na risiti ya PayPal au ya kadi na ukurasa wa oda uliochapishwa. Afisa asipoona uthibitisho wa bei ana haki ya kukadiria mwenyewe, na makadirio hayo huwa hayamhurumii mtu.

Usimwombe muuzaji aandike "zawadi" au dola 10. Kwanza ni tamko la uongo na adhabu yake iko kwenye sheria. Pili, fidia ya kupotea au kuvunjika hulipwa kwa thamani iliyoandikwa, kwa hiyo santuri ya dola 150 iliyoandikwa 10 inapotea kwa dola 10. Tatu, jina la santuri likiingizwa kwenye simu, bei yake halisi inaonekana Discogs kwa sekunde mbili.

Watu wa kago

Wakala wa kago wenye ghala London, Dubai au Guangzhou hutoza kwa kilo, na wengi bei yao imeshaweka ushuru ndani. Unamtumia muuzaji anwani ya ghala, jina lako na namba yako ya mteja, na mzigo unakuja pamoja na ya wengine. Kwa santuri ishirini hesabu yake huwa nzuri sana, maana hakuna kiwango cha chini kwa kila kifurushi. Tatizo lake ni moja: kago hupangwa kama magunia. Boksi lako bapa litalazwa na juu yake kuwekwa katoni ya vipuri vya gari. Agiza boksi gumu la mraba, santuri zisimame wima, na nafasi zote zijazwe ili zisiegemee. Iandikwe kwa herufi kubwa pande zote kuwa ni vitu vya kuvunjika. Haisaidii kila mara lakini haigharimu kitu.

Kago ya bahari kwa santuri tuiache. Kontena linalokaa juani bandarini linapata joto kali, na santuri huanza kujipinda ikikaribia nyuzi 60. Iliyolala kwa pembe inatoka kama kawa, na hakuna muuzaji atakayelipa. CD na kaseti zinavumilia zaidi, ingawa kaseti nazo si za kuchezea.

Kabla ya kulipa, dai risiti inayoonyesha kilo zilizopimwa na wao walitumia hesabu gani, mizani au ukubwa. Wengine hutumia mizani kwa nguo na ukubwa kwa kila kilicho kwenye boksi.

Ukiwa ughaibuni

Uingereza, tangu Januari 2021, kifurushi cha hadi pauni 135 hulipiwa VAT dukani au kwenye jukwaa la mauzo wakati wa kununua. Kikizidi hapo, VAT na ushuru hudaiwa mzigo unapoingia, pamoja na ada ya msafirishaji. Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2021, haukuacha msamaha wa VAT hata kwa mzigo wa euro 5. Kwa hadi euro 150 duka lililosajiliwa kwenye mfumo wa IOSS hukata VAT mapema, na mzigo unapita bila ada ya mlangoni. Kama umeagiza Zanzibar au Nairobi kwa muuzaji asiye na IOSS, tegemea kudaiwa na posta yako. Kinachotokea mara nyingi ni kulipa mara mbili: duka limekata VAT lakini halikuandika namba ya IOSS kwenye data za kifurushi. Tunza ankara inayoonyesha kodi, maana bila hiyo huwezi kudai kitu.

Oman na Falme za Kiarabu hesabu ni nyepesi: VAT 5%, na ushuru wa pamoja wa nchi za Ghuba kwa bidhaa nyingi ni 5%. Marekani ilifuta msamaha wa dola 800 kwa mizigo kutoka nchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Santuri, kanda na CD zilikuwa kwenye kundi la vitu vya habari lililokingwa dhidi ya ushuru wa dharura wa mwaka 2025, lakini kinga hiyo ilifanya kazi tu kama tamko limeandikwa vizuri.

Mafaili

Albamu ya kupakua haina forodha wala nauli, ingawa Kenya na Tanzania zinatoza VAT kwa huduma za kidijitali za kampuni za nje, kwa hiyo asilimia 16 au 18 ikitokea mwisho wa malipo si wizi. Bandcamp kwa kawaida hukupa faili ukinunua santuri. Pakua siku hiyohiyo kwa FLAC, aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti, usikilize wakati boksi liko njiani.

Mzigo usipofika

Weka tarehe mbili kwenye simu siku unayolipa. Ya kwanza ni siku ya 150. PayPal inapokea malalamiko hadi siku 180 tangu malipo, na muuzaji mstaarabu atakuambia "subiri wiki mbili tena" mpaka dirisha lifungwe bila ubaya wowote moyoni mwake. Ya pili ni miezi mitano baada ya mzigo kutumwa: posta inapokea maombi ya kutafuta kifurushi ndani ya miezi 6 tangu kilipotumwa, na ombi hilo hufunguliwa na aliyetuma, kwenye posta ya kwake. Wewe ukienda dirishani hapa watakusikiliza na kukurudisha kwake.

Boksi likifika limebonyea, lipige picha pande zote sita kabla ya kukata gundi, kisha rekodi video moja isiyokatwa ukilifungua mpaka santuri ionekane kwenye mwanga. Piga picha ya lebo, ya ufungashaji wa ndani, na ya ufa ukiwa na rula pembeni. Usitupe katoni. Madai ya uharibifu huanza na swali moja, mzigo ulifungwaje, na jibu lake ni katoni hiyo.